Mawifi Wawili na Mzinga Mmoja

Mama Pacha alikuwa ameshona karibu kila kitu kinachoshoneka: magauni ya harusi, sare za shule, mapazia ya ukumbi, hata koti la jenereta la kinyozi wa mtaani, lisilowe mvua. Lakini siku mwalimu wa chekechea alipoingia chumbani kwake na mzigo wa kitambaa kizito cheupe, akasema anataka ashonewe nguo ya nyuki, fundi huyo aliweka mkasi mezani akamtazama.

"Nyuki nao siku hizi wanavaa?"

"Ya kuvaa mimi, mama," alisema Mwalimu. "Nikienda kuwaona nyuki wangu."

Alisema polepole, akiinua kidole kimoja, kwa sababu kushinda na watoto wadogo kutwa kulikuwa kumemwingia ulimini, na hata mtu mzima alimweleza jambo kama anayemfundisha kufunga kamba za viatu. Shati na suruali viungane, alisema. Zipu mbele, kutoka kinenani hadi kooni. Lastiki kwenye mikono na miguu. Kofia yenye ukingo mpana, na wavu mweusi unaoshuka mbele ya uso na kufungwa shingoni.

"Na mishono uipige mara mbili. Ukiacha upenyo wa tundu la sindano, wataupata tu. Wana akili kuliko mimi na wewe."

Mama Pacha aliipiga mara mbili, na penye kwapa akaipiga mara tatu. Alipomaliza, kabla ya kupiga pasi, alifunga mlango akaivaa ili aone zipu inapandaje. Akajisogeza mbele ya kioo kile kirefu ambacho wateja wake hujigeuzageuza mbele yake. Hakuuona uso wake. Aliona mtu mweupe mzimamzima, mwenye kofia pana, amesimama kama anayesubiriwa mahali fulani. Miaka yote hiyo alikuwa akiwashonea watu nguo za kwendea kwenye mambo yao, na yeye akibaki na vipande sakafuni. Alikaa ndani ya suti ile mpaka jasho likaanza kumtiririka mgongoni, ndipo akaivua.

"Usije kuichukua," alimwambia Mwalimu kwenye simu. "Nitakuletea mwenyewe. Nataka niione ikiwa kazini. Mabega yakikubana nitajua pa kulegeza."

Hiyo ilikuwa kweli, ila haikuwa kweli yote.

Kwa Mwalimu alisimamishwa mbali, karibu na dirisha la jiko, akaambiwa asipungepunge mikono. Mizinga ilikuwa nyuma kabisa ya ua, masanduku marefu ya mbao yaliyokalia miguu. Mwalimu alipuliza moshi kutoka kwenye bomba lake la bati, akafunua kifuniko, akainua kijiti kimoja kati ya vijiti vilivyopangwa juu ya sanduku. Chini ya kijiti lilining'inia sega, jipya, la rangi ya malai ya maziwa, limefunikwa na nyuki wanaotembea mmoja juu ya mwingine bila kukanyagana. Na ile sauti! Mama Pacha aliijua. Ni sauti ya cherehani inapokwenda kasi kwenye mshono mrefu ulionyooka, wakati mkono umeshakubaliana na kitambaa na huna haja ya kufikiri.

Mabega ya suti hakuyatazama hata mara moja.

Jioni ile mezani alitoa habari. Mumewe, Baba Pacha, alikuwa fundi wa mikate katika bekari ya mtaa wa pili, mtu wa kuamka kabla ya majogoo na kulala mapema, asiyejibu neno kabla ya kulitafuna.

"Nyuki," alisema hatimaye. "Wataingia ndani?"

"Waingie kufanya nini? Wana nyumba yao."

"Basi sawa."

Kijiko kilitua juu ya sahani kwa kishindo. Kilikuwa cha Shangazi.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa Baba Pacha. Jina hilo alipewa na wale pacha, na ingawa pacha wenyewe walikuwa wakubwa na wana nyumba zao, mtaa mzima ulibaki nalo. Kazi yake ususi. Nyumba aliyokuwa amepanga iliuzwa, akaja kwa kaka yake kwa wiki mbili ajipange, na wiki hizo mbili hadi leo zilikuwa hazijaisha. Aliiteka baraza ya mbele, akaweka kiti chake na kioo chake, na pale alisuka na kuongea, akaongea na kusuka. Mama Pacha hakumchukia. Ila nyumba ilikuwa ndogo, kila mmoja alikuwa na namna yake ya kuosha sufuria, na Mama Pacha alikuwa amejifunza kumsikia wifi yake kama mtu anavyoisikia redio ya jirani.

"Wifi, hebu nisikilize," alianza Shangazi. "Wateja wangu wanashinda pale nje vichwa wazi. Nyuki akimwingia mtu kwenye nywele nilizokwisha kuzisuka, nifanyeje? Nifumue kichwa kizima nikimtafuta?"

Baba Pacha alipaliwa na maji.

"Wao watakuwa uani nyuma, wewe uko barazani mbele," alisema Mama Pacha.

"Nyuki ana mabawa, wifi. Humfungi kamba kama mbuzi."

"Atapita juu."

"Atapita juu! Umemwambia? Amekubali?"

Hata hivyo mzinga ulikuja. Seremala aliuchonga kwa vipimo vya Mwalimu, na Mwalimu mwenyewe akaja kuonyesha pa kuuweka: pembe ya ua, nyuma ya mlimau, mlango wake ukielekea ukuta mrefu, ili nyuki wakitoka walazimike kupanda juu na kuvuka vichwa vya watu. Miguu ya mzinga ilitumbukizwa kwenye makopo ya oili chafu, sisimizi wasipande. Beseni la maji likawekwa karibu, lina mawe ndani ya kukanyagia, nyuki wasije wakaenda kunywa kwenye bomba la jirani. Jirani huyo, fundi redio aliyeishi upande wa pili wa ukuta, alipoombwa ruhusa aliuliza jambo moja tu, kama atakuwa akigawiwa asali, na alipohakikishiwa akasema hata wakiweka mizinga kumi yeye hana neno.

Mama Pacha alipaka nta ndani ya mzinga kwa mkono wake mwenyewe, ukanukia vizuri. Akajishonea na suti, kwa vipande vilivyobaki na mashuka mawili ya zamani, akaitundika nyuma ya mlango.

"Sasa nawaleta vipi?" aliuliza.

"Hatuwaleti," alisema Mwalimu, kidole juu. "Tunawaandalia nyumba nzuri, tunawakaribisha, halafu tunafanya nini? Tunakaa kitako. Tunasubiri."

Wakasubiri. Kila asubuhi Mama Pacha alikwenda kuchungulia kabla hata ya kunawa uso. Buibui alihamia. Mjusi akaja kumtazama buibui, na mwishowe akabaki mjusi peke yake. Na kila asubuhi Shangazi, akipasha mafuta ya nywele jikoni, aliuliza bila kugeuza kichwa, "Wifi, wapangaji wamefika?"

"Bado."

"Labda kodi ni kubwa."

Mvua zikaja zikakatika, milimau ya mtaa mzima ikachanua, mzinga ukabaki mtupu. Mama Pacha aliacha kuzungumza habari za nyuki mbele za watu. Ndani ya moyo alianza kufikiri kwamba ndoto yenyewe ilikuwa ni suti tu, na suti anayo.

Kumbe nyuki nao wana siku yao. Walikuja mchana, Mama Pacha akiwa amekwenda kupeleka sare shuleni. Shangazi alikuwa barazani amefika nusu ya kichwa cha mteja. Alisikia mngurumo, akadhani fundi redio amepata spika mpya. Kisha kivuli kikapita juu ya paa, mteja akatazama juu, akapiga ukelele, akatimka barabarani nusu amesukwa na nusu nywele zimesimama. Shangazi alikimbilia jikoni akajifungia. Baada ya muda akafungua dirisha kidogo ili aone kama wamekwenda zao.

Simu ya Mama Pacha iliita akiwa bado getini kwa shule.

"Wifi, wapangaji wako wamefika," alisema Shangazi. "Na hawajapiga hodi."

Mama Pacha alirudi mbio, viatu mkononi. Alitarajia kuikuta nyumba imefungwa na wifi yake yuko chini ya kitanda. Badala yake alimkuta uani, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, si karibu sana na si mbali sana, mikono mapajani. Kwenye tawi la mlimau, juu kidogo ya kamba iliyoanikwa suruali za Baba Pacha, lilining'inia kundi la nyuki, kubwa kama mto wa kulalia, la rangi ya kahawia, linapumua.

"Polepole," alisema Shangazi kwa sauti ya chini. "Wametulia. Nimewatazama. Wako wanaokwenda na wako wanaorudi. Na hebu tazama pale pembeni, wameshikana miguu. Kila mmoja amemshika mwenzake."

Mama Pacha hakukumbuka lini alimsikia wifi yake akisema kwa sauti ya chini.

Mwalimu alifika jua likianza kupoa, amekwisha kuvaa suti yake. Alipiga makofi mawili laini.

"Haya. Kundi likining'inia hivi halina nyumba ya kulinda, kwa hiyo ni wapole. Wapole, lakini si wajinga. Mmoja atashika tawi, mmoja atashika beseni chini yake. Tutatikisa mara moja, wataanguka, tutawamimina mzingani. Malkia wao akiingia, wote wataingia. Nani yuko tayari kushika beseni?"

Mama Pacha aliinua mkono kama mwanafunzi.

Alivaa, akafunga zipu, akalivuta beseni kifuani, akapiga hatua. Alikuwa amejiandaa kwa jambo hili tangu siku ile mbele ya kioo. Lakini alipofika chini ya tawi, nyuki wa kwanza akatua kwenye wavu, mbele kabisa ya jicho lake, akaanza kutembea. Aliliona tumbo lake likisinyaa na kutanuka. Akaja wa pili, na wa tatu, na ule mngurumo aliouzoea kwa mbali ukaingia ndani ya kofia, ukaingia ndani ya meno. Alijiambia asimame, na huku akijiambia alikuwa anarudi nyuma. Alirudi nyuma hadi kwenye kamba ya nguo, suruali ya mumewe ikamfunika kichwa, akadhani ameshambuliwa, akaachia beseni na kukimbilia jikoni.

"Nahitaji mikono miwili hapa," aliita Mwalimu, ameshika tawi, bila kupandisha sauti.

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni. Alimtazama wifi yake akihema ukutani, akamvua kofia taratibu, akaivaa yeye. Suti haikumwingia hata ujaribu vipi, kwa hiyo alitwaa koti la mvua la Baba Pacha, akachomeka suruali ndani ya soksi, akavaa glavu za kuoshea vyombo, akatoka.

Yule mwanamke aliyeweza kumsuka mtu kutwa bila kumaliza habari moja alikwenda hadi chini ya mlimau kimya, akaokota beseni, akaliinua mpaka likagusa kundi kwa chini. Mwalimu akatikisa. Nyuki wakaanguka pu! kwa pamoja kama unga uliomwagwa, na hewa yote ikajaa. Shangazi hakuruka. Alisubiri mikono yake izoee uzito, kisha akatembea hadi mzingani, akawamimina kwa upande mmoja, polepole, huku kwa kidole akiwasogeza waliobaki ukingoni. Wengine walimtembea mikononi hadi mabegani. Aliwaacha watembee.

Mama Pacha aliyaona yote hayo kupitia kioo cha dirisha la jikoni.

Habari zilienea. Kabla ya wiki kwisha, mtaa mzima ulikuwa unamwita wifi yake Shangazi wa Nyuki. Yule mteja aliyekimbia alirudi kumaliziwa kichwa, akaja na mashoga zake wamwone mwanamke aliyebeba nyuki kwa beseni. Fundi redio alisimulia mambo ambayo kutoka nyuma ya ukuta ule asingeweza kuyaona. Na kila alfajiri, alipofungua dirisha la chumba chake cha kushonea, Mama Pacha alimwona wifi yake amesimama kando ya mzinga na kikombe cha chai, kichwa amekiinamisha, anasikiliza.

Alijaribu tena. Mwalimu alipokuja kukagua kama sega limeanza kujengwa, Mama Pacha alivaa, akajikaza kisabuni, akafika hatua mbili kutoka mzingani. Kifuniko kilipoinuliwa mngurumo ukapanda, moyo ukamwenda mbio, macho yakaingiwa na giza. Akasema amekumbuka pasi iko motoni. Pasi ilikuwa baridi, kabatini. Aliivua suti akaitundika nyuma ya mlango, na kuanzia hapo kila alipoambiwa habari za mzinga alisema ana kazi nyingi.

Kazi zilikuwa nyingi kweli, ila zilikuwa zinaharibika. Sindano zilikatika bila sababu. Gauni moja alilishona mkono wa kulia kushoto. Asubuhi moja ya mapumziko Baba Pacha alichukua shati lililokuwa mezani, akaligeuzageuza.

"Hili la kike?"

"La kiume."

"Mbona vifungo viko upande wa kike?"

Mama Pacha alilinyakua, akatafuta kisu cha kufumulia. Mumewe aliendelea kunywa chai. Alipofika nusu ya kikombe akauliza, "Umewakasirikia nyuki au umemkasirikia dada yangu?"

"Wote."

Baba Pacha alitafuna neno hilo kwa muda.

"Nyuki hawajui," alisema, akaondoka kwenda kulala tena.

Mama Pacha alibaki na kisu mkononi. Kama nyuki hawajui, basi aliyebaki anajua. Hilo halikuwa limempitia akilini. Alikuwa amedhani kununa kwake ni siri yake na cherehani yake.

Jioni ya siku hiyohiyo mlango uligongwa. Shangazi, ambaye tangu aingie nyumba ile hakuwahi kugonga mlango wowote, alikuwa amegonga na kungoja kujibiwa.

"Karibu," alisema Mama Pacha.

Shangazi aliingia akakaa kwenye kiti cha wateja. Alishika kipande cha kitambaa kutoka sakafuni, akakikunja, akakikunjua.

"Wifi, mpigie Mwalimu aje awachukue wale nyuki."

"Kwa nini? Wamekuuma?"

"Hawajaniuma. Mzinga ni wako. Nimeukalia kama nilivyoikalia baraza yako. Unafikiri sijui? Nilisema wiki mbili. Mimi nikianza kukaa mahali huwa sijui kunyanyuka, ndivyo nilivyo. Baraza umenivumilia. Hili la nyuki nimeona limekuuma."

Mama Pacha alitaka kusema hapana, si hivyo, umeelewa vibaya, yale maneno ya adabu yanayosemwa ili mazungumzo yaishe. Lakini alimtazama mwanamke yule aliyejaa kwenye kiti, anakunja kitambaa kama mtoto aliyeitwa ofisini, na maneno ya adabu hayakuja.

"Nimeona wivu," alisema. "Basi. Mimi ndiye niliyewapenda kwanza. Nimepaka nta, nimejaza maji, nimefukuza mjusi. Wewe kutwa unawatukana. Halafu wanakuja, wanakutembea mikononi, na mimi nafichwa na suruali ya kaka yako."

Shangazi alijitahidi. Alibana midomo, akatazama dari, mabega yakaanza kutikisika.

"Usicheke."

"Sicheki, wifi. Ni ile suruali tu. Ulivyopigana nayo!"

Na Mama Pacha, ambaye kwa siku zote hizo hakuwa ameiona suruali ile kutoka upande wa wengine, aliiona sasa. Walicheka mpaka Baba Pacha akagonga ukuta kutoka chumbani.

Walipotulia, Mama Pacha alijifuta macho. "Nieleze. Unafanya nini pale?"

"Sifanyi kitu."

"Lazima unafanya kitu."

Shangazi alifikiri. "Umeshaniona nikimsuka mtoto anayeogopa? Ukimkamata kwa nguvu analia, na mama yake analia. Mimi naweka tu mkono kichwani, nausahau pale. Mtoto anasubiri kuumia, haumii, anachoka kusubiri. Ndipo naanza. Na wale hivyohivyo."

"Moyo wangu unakwenda kama cherehani."

"Uache uende. Nani kakwambia uuzime? Simama nao mbali. Kesho sogea kidogo. Hakuna anayekufukuza, wifi, ua ni wako."

Mama Pacha aliinuka. Alichukua futi kamba shingoni mwake akaipeperusha ikanyooka.

"Simama wima. Nyoosha mikono."

"Ya nini?"

"Huwezi kufuga nyuki na koti la mvua. Nakushonea suti."

Shangazi alisimama, akanyoosha mikono, akageuza uso upande wa dirisha. Miaka yote aliyokaa nyumba ile, wifi yake alikuwa ameshonea mtaa mzima, lakini Shangazi mwenyewe hakuwa amempima hata siku moja. Hakuwa ameombwa, na hakuwa amejitolea.

"Kiuno," alisema Mama Pacha, akiinama.

"Vipimo usivitaje kwa sauti," alisema Shangazi. "Kaka yangu anasikia."

Tangu hapo Mama Pacha alianza upya, kwa namna yake. Alitoa kiti akakiweka kwenye mlango wa jikoni, na kila jioni alikaa pale na kazi ya mkono, kushona vifungo au kupinda pindo, huku Shangazi akiwa mzingani. Shangazi hakuweza kuongea na nyuki huku akiwashika, kwa hiyo aliporudi alimwaga yote kwa pamoja: sega la tatu limeanza, wameziba ufa kwa gundi yao, madume hayafanyi kazi yoyote, wifi, yanakula tu na kutembea, kama wanaume wa barazani. Kiti kilisogea hadi kwenye kamba ya nguo. Kisha kikafika kwenye mlimau. Moyo ulikwenda mbio, na Mama Pacha aliuacha uende, akatia uzi kwenye sindano.

Siku moja nyuki mmoja alimkuta hana glavu, akamchoma kwenye kidole gumba. Alipiga yowe, akasubiri dunia iishe. Haikuisha. Kidole kiliwaka, kikavimba, kikawasha. Shangazi alimkwangua mwiba kwa ukucha, akamwambia asiubane usije ukamwaga sumu ndani.

"Ni hivi tu?" aliuliza Mama Pacha, akikitazama kidole.

"Ulidhani je?"

"Sindano ya cherehani iliwahi kunipita kidole hikihiki. Hii ni mchezo."

Kesho yake aliomba apewe bomba la moshi. Ikawa ndiyo kazi yake, na aliifanya kwa makini ya fundi: aliwasha kwa magunia makuukuu na nyasi kavu, akajaribu moshi kwanza kwenye kiganja kuona si wa moto, akapuliza kidogo mlangoni, akangoja, akapuliza kidogo juu. Shangazi alisema hajawahi kupata moshi mzuri kama huo, hata kwa Mwalimu. Mwalimu alipoona mishono ya suti ya Shangazi, na jinsi Mama Pacha alivyobadili shingo ili kofia isiteleze mtu akiinama, aliita wafugaji wenzake, na wao wakaja mmojammoja na vitambaa vyao vyeupe. Chumba cha kushonea kikaanza kunuka moshi na nta, na bibi harusi mmoja akalalamika, na Mama Pacha akamwambia kwa upole kwamba harufu hiyo haigandi kwenye hariri.

Milimau ilipomaliza kuchanua kwa mara nyingine, Mwalimu alikuja, akatazama, akapiga makofi yake mawili laini.

"Leo tunavuna. Tunavuna vijiti vipi? Vya pembeni tu. Vya katikati ni vya watoto wao. Na tunawaachia akiba yao. Sawasawa?"

"Sawasawa," waliitikia mawifi kwa pamoja.

Walivaa. Baba Pacha alikuwa amekaa kwenye mlango wa jikoni na mkate mzima aliorudi nao kutoka kazini, umefungwa kwenye karatasi. Mama Pacha alipuliza moshi. Shangazi akafungua kifuniko, akalegeza kijiti cha mwisho kwa kisu, kikaachia gundi yake kwa mlio mdogo. Akaweka mkono, akausahau pale. Kisha akauondoa.

"Njoo uinue wewe," alisema.

"Mimi ni wa moshi."

"Moshi nipe mimi."

Walibadilishana. Mama Pacha alisimama juu ya mzinga, na nyuki wakatua kwenye wavu mbele ya macho yake, mmoja, wengine, wengi, na moyo ukaanza safari yake. Aliweka vidole kwenye ncha mbili za kijiti. Aliwaacha wamtembee. Kulikuwa na joto pale chini, joto kama la kitanda mtu akiwa ametoka kukiacha, na harufu tamu iliyompanda hadi kooni. Aliinua. Hakutarajia uzito ule. Sega lilitoka lote, pana, zito, limefunikwa kwa nta nyeupe kutoka juu hadi chini, na jua la jioni likapita pembeni mwake.

"Usiligeuze," alinong'ona Shangazi nyuma yake. "Lishike hivyohivyo, wima."

Alilishika wima. Mwalimu aliwapangusa nyuki kwa unyoya, wakarudi ndani, na sega likalazwa kwenye sufuria safi na kufunikwa. Wakachukua lingine moja, wakafunga mzinga.

Asali waliichuja jikoni kwa kitambaa alichokishona Mama Pacha mwenyewe kama mfuko, wakakining'iniza juu ya bakuli wakaiacha asali idondoke yenyewe. Hawakuwa na subira ya kungoja imalizike. Baba Pacha alikata mkate vipande vinene, akachovya, akafumba macho, akatafuna. Wanawake wawili wakamtazama.

"Sema basi," alisema mkewe.

Alimeza. Akafikiri.

"Naomba kipande kingine," alisema.

Shangazi alikuwa amelamba vidole vyote na sasa ulimi wake ulikuwa huru. Alianza kueleza jinsi lile sega la pili lilivyojipinda, na kwa nini, na nani atapata chupa na nani hatapata, kwamba fundi redio kwa uongo wake apewe nusu, na kwamba mwakani, ikiwa wifi atakubali, pale kando ya tangi la maji kuna nafasi ya mzinga mwingine. Mama Pacha alijipakia asali kwenye kipande cha mkate, akavuta kiti karibu naye, akamsikiliza neno kwa neno.